Mlikuwa Mnachezea Nani?

Kwenye karatasi ya karo ya chuo nilichosomea kulikuwa na mstari mmoja ambao sikuwahi kuuelewa: ada ya michezo. Tulikatwa kila mwaka, hata mwaka ule tuliorudi kutoka likizo ndefu tukakuta uwanja wetu umezungushiwa mabati. Nyuma ya mabati, tingatinga. Tulidhani tunawekewa nyasi mpya. Muhula ulipoisha mabati yakatolewa, tukaona lami na mistari myeupe, kila nafasi ya gari na nambari yake.

Sisi tuliokuwa tukicheza pale hatukuwa timu. Tulikuwa wasichana kumi na wawili hivi wa hosteli moja, na saa kumi na moja jioni ikifika tulishuka na mpira mmoja ulioshonwa mara tatu. Hatukuwa na kocha. Jezi pia hatukuwa nazo. Mmoja wetu alicheza na ndara, na alikuwa mshambuliaji wetu bora. Tulicheza mpaka giza liingie, halafu tukaenda kununua chapo na maharagwe.

Watatu wetu tulienda ofisini kuuliza. Afisa aliyetupokea hakuwa mtu mbaya. Alitukaribisha viti, akatusikiliza, kisha akauliza: "Sasa nyinyi, mlikuwa mnachezea nani?"

Alimaanisha timu gani, ligi gani, kombe gani. Hatukuwa na jibu. Tulitoka pale tukicheka, lakini swali lilinifuata hadi hosteli na likakaa nami miaka. Siku hizi naona halikuwa la kipuzi. Ukifuatilia historia ya mazoezi ya viungo na michezo shuleni na vyuoni, hilo ndilo swali ambalo wakubwa wamewauliza wanafunzi wakati wote, na kila zama ilikuja na jibu lake.

Jibu la kwanza lilikuwa jeshi. Mwaka 1899 Waingereza waliingia vitani na Makaburu kule Afrika Kusini. Walipoita vijana wa mijini waandikishwe, wengi walikataliwa kwa sababu miili yao ilikuwa dhaifu: meno mabovu, vifua vyembamba, miguu iliyopinda. Serikali ikashtuka. Mwaka 1902 shule zao zikapewa mwongozo wa mazoezi uliotoka karibu moja kwa moja kwenye gwaride la askari. Mwaka 1904 kamati ya serikali ikaandika ripoti nzima kuhusu kudhoofika kwa miili ya raia. Miongozo iliyofuata ililainishwa, na ule wa 1933 uliingiza michezo zaidi na kuwaachia watoto nafasi ya kujinyoosha. Lakini wazo la msingi lilibaki: mwili wa mtoto ni mali ambayo dola itaihitaji siku moja.

Somo hilo ndilo lililovuka bahari kuja kwetu. Lilipofika shule za misheni na za serikali, mstari ulikuwa mstari, na filimbi ilikuwa filimbi. Kama umesoma shule ya msingi Kenya unajua mabaki yake. Saa ya P.E. ikifika, jambo la kwanza ni kupanga mistari. Mikono mbele, pima nafasi, geuka kulia. Mwalimu akiwa na haraka, mnaishia hapo. Akiwa na haraka zaidi, P.E. inageuka hesabu. Shuleni kwetu P.E. ya Alhamisi iliandikwa kwenye ratiba kwa wino mweusi kabisa, na nakumbuka tuliifanya labda mara nne mwaka mzima. Wavulana wakati mwingine walipewa mpira. Sisi tulipewa ufagio.

Hata uhuru ulipokuja, michezo iliendelea kuvaa sare. Wilson Kiprugut, aliyeleta medali ya kwanza ya Olimpiki ya Kenya, shaba ya mita 800 mwaka 1964, alikuwa mwanajeshi. Kipchoge Keino, aliyechukua dhahabu ya mita 1,500 kule Mexico mwaka 1968, alikuwa polisi na mkufunzi wa mazoezi ya viungo pale Kiganjo. Mkenya aliyetaka muda wa kufanya mazoezi, chakula cha uhakika na mshahara alienda jeshini, polisi au magereza.

Chuo kikuu nacho kilipanga kwenye nyumba za askari, na hapa sitii chumvi. Mwaka 1965 Waingereza walikabidhi serikali ya Kenya kambi yao ya Templer Barracks, Kahawa. Kambi ikageuzwa Kenyatta College. Baadaye chuo kikawa tawi la Chuo Kikuu cha Nairobi, na mwaka 1985 kikawa Kenyatta University. Komredi wa KU anayekimbia jioni anakimbia kwenye ardhi iliyowahi kukanyagwa na buti za jeshi la Malkia. Napenda kulikumbuka hilo kila nikipita Thika Road.

Miaka ya sabini likaja jibu la pili: mnawachezea wanaowalipia karo. Vyuo vikuu vya Marekani viligundua Wakenya wanakimbia, na Wakenya wakagundua kwamba miguu inaweza kulipa karo. Mike Boit alichukua shaba ya mita 800 kule Munich mwaka 1972 na akawa wa nne kwenye mita 1,500. Alisoma Eastern New Mexico University, akaendelea na masomo hadi shahada ya uzamivu, University of Oregon. Olimpiki za 1976 na 1980 zilimpita: ya kwanza Kenya iligoma kwa sababu ya ziara ya raga ya New Zealand kwa makaburu wa Afrika Kusini, ya pili kwa sababu ya majeshi ya Usovieti kuingia Afghanistan. Lakini Boit alirudi nyumbani na elimu yake, akawa profesa Kenyatta University, akifundisha sayansi ya mwili na michezo palepale penye kambi ya zamani. Hadithi yake huwa inasimuliwa kwa medali. Mimi nadhani sehemu kubwa zaidi ni hiyo ya darasani. Mwanafunzi wake hakulazimika kuwa bingwa ili afundishwe jinsi moyo na mapafu vinavyofanya kazi.

Henry Rono alipitia njia hiyohiyo na mambo yakawa tofauti. Alikuwa mwanafunzi wa Washington State University, mji mdogo wa Pullman, mwaka 1978. Kati ya Aprili na Juni, ndani ya siku 81, alivunja rekodi nne za dunia: mita 3,000, mita 5,000, mita 10,000 na mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Soma tena polepole. Rekodi nne, akiwa bado mwanafunzi. Olimpiki hakuwahi kukimbia hata moja, kwa migomo ileile. Miaka iliyofuata ilimwelemea, pombe ikamshika, na yeye mwenyewe aliieleza safari hiyo bila kuficha. Alifariki Nairobi Februari 2024. Nilisoma rambirambi nyingi siku hiyo. Zote zilitaja siku 81. Nilijiuliza ni nani aliyekuwa akimuuliza habari za masomo yake siku zile ambazo rekodi zilikuwa zinaanguka.

Kwa wasichana mlango huo ulichelewa. Marekani ilipitisha sheria ya Title IX mwaka 1972, iliyokataza vyuo vinavyopokea pesa za serikali kuwabagua wanawake, na polepole ufadhili wa michezo ukawafikia pia wanawake. Miongo mitatu na zaidi baadaye, Sally Kipyego alikimbilia Texas Tech, akashinda mataji tisa ya vyuo vikuu vya Marekani huku akisomea uuguzi, na mwaka 2012 akachukua fedha ya mita 10,000 kwenye Olimpiki ya London. Nilipokuwa nafagia saa ya P.E., yeye alikuwa anashinda mataji. Natamani mtu angetuambia.

Lakini angalia masharti. Ili chuo kikupe uwanja, daktari na viatu, lazima uwe Sally au Rono. Yule wa ndara hana lake.

Kuna jibu la tatu, na hilo wanafunzi walijipa wenyewe. Raga ya Kenya ilianza kama mchezo wa walowezi. Klabu kama Nondescripts, iliyoanzishwa mwaka 1923, zilikuwa zao, baa na viwanja vyote. Mwaka 1977 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi waliingia ligi na timu yao, wakaiita Mean Machine, na mwaka huohuo wakabeba Kenya Cup. Vijana wa hosteli waliwafunga wenye klabu. Hakuna aliyewatuma. Ninapowasikia wazee wa Machine wakipiga gumzo, wanataja mechi, ndiyo, lakini wanakaa zaidi kwenye nyimbo, njaa, na kurudi kampasi usiku wakiwa wamebanana kwenye basi moja.

Dola haikupenda sana wanafunzi waliojipanga wenyewe, hasa baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1, 1982. Chuo Kikuu cha Nairobi kilifungwa kwa muda wa mwaka mmoja hivi. Kuanzia 1984, waliofaulu kuingia chuo kikuu walitakiwa kwanza kupitia Gilgil, kwenye Huduma ya Vijana kwa Taifa, wakafundishwe nidhamu. Gwaride likarudi.

Babangu alipitia Gilgil. Ana picha moja ya siku hizo: kichwa kimenyolewa, kaptula inampwaya, macho hayamtazami mpiga picha. Nilimuuliza mara moja kwa nini hapendi mazoezi, maana daktari amemwambia atembee kwa sababu ya presha na yeye anatafuta visingizio kila jioni.

"Mama, Gilgil walinikimbiza kila asubuhi kabla jua halijatoka," akasema. "Walisema wanatutoa kiburi. Kiburi sijui kama kilitoka. Hamu ya kukimbia ndiyo ilitoka."

Kumbe inawezekana kumfanyisha mtu mazoezi kila siku na ukamwondolea mwili wake. Baba ana miaka sitini na kitu sasa. Akisikia neno mazoezi, anasikia filimbi.

Baada ya hapo pesa ikawa ngoma nyingine. Mwaka 1990 wanafunzi wa kwanza wa 8-4-4 walifika chuoni pamoja na wa mwisho wa mfumo wa zamani, makundi mawili kwa mpigo. Vyumba vikajaa, foleni za chakula zikarefuka, na mwaka uliofuata wanafunzi wakaanza kuchangia gharama walizokuwa wakilipiwa. Mwaka 1998 Chuo Kikuu cha Nairobi kikafungua mlango kwa wanaojilipia karo kamili, na vyuo vingine vikafuata. Sizipingi hesabu zao. Madarasa yalihitajika, na watoto wengi wa watu wamesoma kwa sababu milango ilifunguliwa. Lakini kila chuo kilipotafuta mahali pa kujenga, uwanja ulikuwa umekaa pale, tambarare, bila mtu wa kuutetea. Maabara ina profesa. Maktaba ina mkutubi. Uwanja wa saa kumi na moja jioni una watu wa ndara.

Hivi sasa serikali imetoa jibu la nne, na kwenye karatasi ni zuri. Katika mtaala mpya, Sanaa na Sayansi ya Michezo ni mojawapo ya njia tatu za sekondari ya juu, na kundi la kwanza la gredi ya kumi lilianza Januari 2026. Mambo yakienda yalivyopangwa, watafika vyuo vikuu mwaka 2029. Binamu yangu ni mmoja wao. Anacheza voliboli, na ananiuliza chuo changu kina uwanja wa aina gani.

Naogopa jambo moja tu. Naogopa njia hiyo nayo itageuka kiwanda cha kutafuta mabingwa, na wale wengine wote, wanafunzi wa sheria, wa uhasibu, wa uuguzi, waendelee kulipa ada ya kitu wasichokiona. Wenye pesa watajisajili jimu za mtaani kwa mwezi. Wasio nazo watakaa chumbani na simu, watu wanne, vitanda viwili, mtihani wiki ijayo. Wengi wenu mnaosoma hapa mnakijua chumba hicho. Mnajua jioni zake zilivyo ndefu.

Uwanja wetu ulinifanyia mambo ambayo sikuweza kumweleza afisa yule. Muhula nilioanguka mitihani miwili, nilicheza kila siku. Nililia pale nikiwa golini, giza lilipoingia, na hakuna aliyeniona. Rafiki niliyemzika mwaka juzi nilikutana naye pale. Alinipiga chenga, nikaanguka, akarudi kunishika mkono. Hatukushinda kombe lolote. Ukitazama rekodi za chuo, hatukuwahi kuwepo.

Mwaka jana nilipita pale siku ya Jumapili. Magari hayakuwepo. Watoto wa wafanyakazi pamoja na makomredi wachache walikuwa wanacheza juu ya lami, magoli ni mawe, mpira ukitoka nje unaviringika mpaka kwa lango la mlinzi naye anaurudisha kwa teke. Nilisimama nikatazama. Msichana mmoja alikuwa na ndara mikononi kama glavu, miguu mitupu.

Nilitaka kumuuliza anachezea nani, kwa mzaha tu. Nikaacha. Niliweka mkoba chini karibu na nafasi namba 14, nikauliza timu gani imepungukiwa mtu.