Uzito na Bega: Vifaa Vyepesi vya Kambi za Uwindaji katika Milima ya Rungwe

Historia ya uwindaji katika Afrika Mashariki imeandikwa zaidi kwa kufuata bunduki, pembe za ndovu na sheria za hifadhi. Mahali mwindaji alipolala usiku, kitu alichojifunika, chombo alichopikia na bega lililobeba vitu hivyo ni mambo yaliyopewa aya moja au mbili, tena mara nyingi kama vichekesho vya safari. Insha hii inavichukua vifaa vya kambi kuwa ushahidi wa kihistoria unaojitegemea. Eneo linaloshughulikiwa ni Tukuyu na Wilaya ya Rungwe, pamoja na misitu ya Mlima Rungwe na uwanda wa Kitulo ulio jirani. Hoja inayojengwa ni kwamba wepesi wa vifaa vya kambi haukuanza na viwanda, bali na swali la nani anayebeba. Palipokuwa na wapagazi, uzito uligawanywa. Pale mwenye mzigo alipoubeba mwenyewe, uzito ulipunguzwa. Kugawa na kupunguza ni mambo mawili tofauti, na tofauti hiyo ndiyo iliyoamua ni nani aitwe mwindaji na ni nani aitwe jangili.

Mlima, mvua na mianzi

Tukuyu ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi zaidi Tanzania. Juu yake Mlima Rungwe unafikia takriban mita 2,960, miteremko yake ikiwa na msitu mnene, mabonde yenye kina na, katika miinuko ya juu, vichaka vya mianzi. Kitulo, kwa upande wake, ni uwanda wa nyasi ambako baridi ya Juni hadi Agosti huleta jalidi. Yeyote aliyenuia kulala usiku mbili tatu katika mazingira hayo alikabiliwa na adui watatu: maji kutoka juu, maji kutoka ardhini, na baridi ya alfajiri.

Suluhisho la wenyeji lilikuwa kutobeba kile ambacho mlima wenyewe unatoa. Mianzi hukatwa kwa panga na kusimamishwa kuwa kibanda kwa muda mfupi. Majani ya mgomba, ambayo katika nchi ya Wanyakyusa hayako mbali na mlango wa nyumba yoyote, huzuia mvua, hutandikwa chini na hufungia chakula. Moto hufanya kazi ya blanketi. Kinachobaki kubebwa ni kile ambacho msitu hautoi: chuma cha mkuki na panga, kamba, chumvi, na chakula kidogo kisichooza haraka. Mbwa walijitembeza wenyewe. Ikumbukwe kwamba ujuzi huu wa mianzi haukuwa wa porini tu. Nyumba za Wanyakyusa zilizojengwa kwa mianzi na udongo ziliwavutia wageni wa karne ya 19, na kibanda cha mwindaji kilikuwa ndugu mdogo wa nyumba hizo, kikijengwa kwa mikono ileile.

Kwa mtafiti, tabu ya vifaa vya namna hii ni kwamba huoza. Kibanda cha mianzi hurudi kuwa msitu, na jani la mgomba halidumu hata wiki. Hema la turubai, kinyume chake, liliingizwa katika hati ya ununuzi, likapigwa picha, likaandikwa katika shajara na hatimaye likahifadhiwa katika jumba la makumbusho. Nyaraka, kwa hiyo, zina upendeleo kwa vitu vizito, na anayezisoma bila tahadhari atadhani kwamba historia ya kambi inaanza siku hema la kwanza lilipopigwa.

Ushahidi ulio katika lugha

Pale ambapo vitu vimeoza, maneno yamebaki. Kiswahili kina neno *ago* kwa maana ya mahali pa kutua na kulala safarini, na kina *dago* kwa kambi ya wavuvi. Karibu na maneno hayo lipo *kirago*, mkeka wa matete au majani magumu ambao msafiri aliukunja asubuhi na kuukunjua jioni. Leo mtu anaposemwa kwamba amefunga virago, hakuna anayefikiria mkeka. Maana ni kwamba ameondoka, pengine kwa kushindwa. Timu ya mpira iliyotolewa katika mashindano hufungishwa virago kila mwaka katika kurasa za michezo. Hata hivyo, chini ya msemo huo kuna kifaa halisi, na kifaa chenyewe kilikuwa chepesi kiasi kwamba kukikunja tu kulitosha kuwa alama ya safari nzima kuondoka.

Jambo hili lina uzito wa kihoja. Wapagazi waliobeba hema za wengine hawakulala katika hema. Walijenga vibanda vya nyasi na matawi, wakatandika virago, na asubuhi wakaacha kila kitu isipokuwa mkeka, chungu na mzigo wa tajiri. Ndani ya msafara mmoja, basi, mlikuwa na mifumo miwili ya kambi iliyolala hatua chache mmoja kutoka kwa mwingine: mfumo mzito wa mwenye msafara, na mfumo mwepesi wa wabebaji wake.

Hesabu ya mpagazi

Mzigo wa kawaida wa mpagazi katika biashara ya karne ya 19 ulikaribia frasila mbili, yaani ratili 70, sawa na kilo 32 hivi. Misafara ya Wazungu iliyofuata ilielekea kuuweka karibu na ratili 60. Kiwango hicho kikawa kipimo cha kila kitu. Kitanda, meza, beseni la kuogea na hema vilitengenezwa ili vigawanyike katika vipande vya uzito huo. Watengenezaji wa Ulaya walipotangaza kifaa kuwa chepesi kwa safari za Afrika, maana yake ilikuwa kwamba kinaenea katika kichwa cha mtu mmoja.

Joseph Thomson alipitia nchi ya Wanyakyusa mwaka 1879, baada ya kiongozi wake, Keith Johnston, kufariki Behobeho mwezi Juni mwaka huohuo. Alikuwa na watu wapatao 150, chini ya unyapara wa Chuma, yuleyule aliyewahi kumtumikia Livingstone. Thomson aliisifu nchi hiyo kwa migomba yake na usafi wa vijiji vyake. Sifa hizo zimenukuliwa mara nyingi. Mara chache hukumbukwa kwamba msafara wa watu wengi hivyo uliweza kusimama na kupumzika kwa sababu wenyeji walikuwa na chakula cha kuuza.

Chakula ndicho kinachofichua udhaifu wa kugawa uzito. Posho ya mpagazi ilikuwa kibaba kimoja cha nafaka kwa siku, takriban ratili moja na nusu. Wapagazi kumi hula ratili 15 kwa siku. Kwa siku nne wamekula ratili 60, ambazo ni mzigo kamili wa mtu wa kumi na moja, naye pia ana tumbo. Kila kitanda na kila beseni lililoongezwa lilidai mbebaji, na kila mbebaji alidai mbebaji wa chakula chake. Katika nchi yenye migomba kama Rungwe hesabu hii iliweza kufichika. Katika nyika kavu iliua watu.

Mfano ulio wazi kuliko yote unatoka nje ya Rungwe, katika Kenya ya leo. Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu katika urais wa Marekani, alifika huko mwaka 1909 kuwinda na kukusanya sampuli za makumbusho, akiwa na wapagazi wanaohesabika kwa mamia na tani nne za chumvi ya kuhifadhia ngozi. Miongoni mwa mizigo yake ilikuwapo maktaba ndogo ya vitabu vilivyojalidiwa kwa ngozi ya nguruwe. Vilitiwa katika kasha la alumini na kitambaa kilichotiwa mafuta, na jumla ya uzito wake, kama alivyoeleza mwenyewe, ilikuwa pungufu kidogo ya ratili 60: mzigo wa mpagazi mmoja. Kasha lilikuwa jepesi kwelikweli kwa teknolojia ya wakati ule. Alumini, hata hivyo, haikumpunguzia mpagazi hata ratili moja. Ilimwezesha mwenye kasha kuongeza vitabu.

Katika miaka hiyohiyo, mahali pengine duniani, wepesi ulikuwa ukitafutwa kwa njia tofauti kabisa. Nchini Marekani George Washington Sears, mtu mwenye umbo dogo na afya dhaifu, alichapisha mwaka 1884 kitabu cha maisha ya porini kilichowahimiza wasomaji wabebe kidogo. Mtumbwi wake mmoja ulikuwa na uzito wa ratili 10 na nusu tu. Uingereza, fundi cherehani Thomas Hiram Holding aliwafundisha waendesha baiskeli kushona mahema madogo, na mwaka 1908 akatoa kitabu cha mwongozo wa kambi. Sears na Holding hawakuwa na wapagazi. Kila ratili waliyoiongeza iliwaumiza wao, na ndiyo maana waliipunguza. Kwa msingi huo wawindaji wa Rungwe wanafanana zaidi na Sears kuliko Sears anavyofanana na Roosevelt, ingawa historia za vifaa vya kambi zilizoandikwa Ulaya na Marekani hazijawaweka katika ukurasa mmoja.

Katika Wilaya ya Rungwe yenyewe, kipimo cha bega hakikuishia kwenye uwindaji. Wajerumani walijenga makao yao ya utawala hapo Tukuyu na kuyaita Neu Langenburg. Majeshi ya Uingereza chini ya Northey yalipoingia kutoka kusini mwezi Mei 1916, risasi na unga wao vilikuwa juu ya vichwa vya wabebaji, wale ambao katika nchi za kusini mwa Ziwa Nyasa waliitwa tengatenga. Idadi ya Waafrika waliobebeshwa mizigo katika vita hivyo kote Afrika Mashariki hukadiriwa kufikia milioni moja. Safari ya uwindaji na safari ya vita zilitumia hesabu ileile.

Sheria na chombo chepesi

Mwaka 1896 Gavana Hermann von Wissmann alitoa amri ya uwindaji kwa Afrika Mashariki ya Kijerumani, iliyoanzisha leseni za kulipia na maeneo ya hifadhi. Tarehe 19 Mei 1900 mataifa yenye makoloni yalitia saini mkataba wa London kuhusu kuhifadhi wanyama wa Afrika. Mkataba huo haukupata kuthibitishwa na wote, lakini uliacha mwelekeo. Miongoni mwa mambo yaliyotakiwa kuwekewa mipaka ni nyavu na mashimo ya kunasia. Sheria za Waingereza Tanganyika zilifuata njia hiyo, na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 nayo inataja nyavu, mitego, mashimo, sumu na matumizi ya mbwa miongoni mwa njia zisizoruhusiwa.

Orodha hiyo ikisomwa kwa macho ya mwanahistoria wa vifaa, jambo moja linajitokeza: karibu kila kilichokatazwa ni chombo chepesi. Shimo halibebwi kabisa. Kamba huingia katika mkoba. Mtego hutengenezwa palepale kwa mti ulioinamishwa. Kilichoruhusiwa ni bunduki yenye leseni, na bunduki ilikuja na risasi, hema, wapagazi na, baadaye, gari. Haidaiwi hapa kwamba watunga sheria walipima vifaa kwenye mizani. Walitofautisha kwa lugha ya ukatili na uungwana. Matokeo yake, hata hivyo, ni kwamba aliyeweza kuajiri mabega ya wengine alipewa jina la mwindaji, na aliyetumia bega lake akapewa jina la jangili. Baada ya hapo wepesi ulipata maana mpya: kambi isiyoacha alama, moto mdogo, kibanda kinachobomolewa alfajiri. Kilichokuwa ustadi wa mlima kikawa pia mbinu ya kujificha.

Ni haki kuutazama upande wa pili. Mtego hauchagui. Hunasa jike mwenye mimba sawasawa na dume mzee, na mtego wa waya huendelea kuua hata aliyeutega akiisha kuusahau. Idadi ya watu ilipoongezeka na msitu ukapungua, chombo kilichokuwa na madhara madogo kikawa na madhara makubwa. Kutetea historia ya wawindaji wa Rungwe si kutetea waya.

Kipunji

Mwanzoni mwa mwaka 2003 watafiti wa shirika la Wildlife Conservation Society, wakiongozwa na Tim Davenport, walikuwa wakizungumza na Wanyakyusa kuhusu wanyama wa Mlima Rungwe, na wawindaji wakataja tumbili aitwaye kipunji. Watafiti walisita, kwa kuwa masimulizi ya msituni yaliwachanganya wanyama halisi na viumbe wa kufikirika. Mwezi Mei wakamwona kwa mbali, na Desemba wakamwona vizuri. Mwaka 2004 kundi jingine la watafiti lilimpata tumbili huyohuyo katika msitu wa Ndundulu, Udzungwa, na mwaka 2005 makundi hayo mawili, wakiwamo Watanzania Noah Mpunga na Sophy Machaga, yalimtangaza katika jarida la *Science*. Maelezo hayo yalitegemea picha, kwa kuwa haikufaa kumuua mnyama adimu hivyo kwa ajili ya sampuli.

Zaidi ya miaka mia moja ilikuwa imepita tangu wamisionari wa Moravian wafungue kituo chao chini ya mlima huo mwaka 1891. Maofisa, wawindaji wenye leseni na wakusanya sampuli walipita Tukuyu bila kumwandika kipunji. Inaelekea sababu mojawapo ni kambi zao. Hema na wapagazi huhitaji uwanja tambarare, maji karibu na njia ya kupitisha mizigo. Kipunji huishi juu ya miti katika miteremko mikali ambako msafara haupiti. Waliomjua ni wale walioweza kulala huko na kisu, kamba na majani. Sensa iliyotolewa mwaka 2008 ilikadiria kwamba kipunji wote waliosalia ni 1,117, wengi wao wakiwa Rungwe na Kitulo, na uwindaji ulitajwa miongoni mwa hatari zinazowakabili. Ujuzi uliomfichua mnyama huyu na mtego unaomtishia vimetoka katika mkoba mmoja.

Sampuli ya kwanza kamili ilipatikana Agosti 2005, kijana dume aliyekutwa amekufa katika mtego wa mkulima ndani ya shamba la mahindi karibu na mlima. Uchunguzi wake uliwawezesha watafiti kuanzisha mwaka 2006 jenasi mpya, *Rungwecebus*, na mzoga wake ukahifadhiwa katika Jumba la Makumbusho la Field, Chicago. Jina la Rungwe liliingia hivyo katika taksonomia kupitia chombo ambacho miaka mitatu baadaye, katika sheria ya 2009, kiliorodheshwa tena miongoni mwa njia haramu za kuwinda.