MADAI YA WAPAGAZI NA HISTORIA YA KOO ZA UFIPA

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Usemi huo hutumika zaidi kwa wafanyabiashara, lakini unazihusu pia koo. Katika nyumba nyingi za Sumbawanga na vijiji vya uwanda wa Ufipa, wazee husimulia juu ya babu aliyechukuliwa wakati wa vita vya Wajerumani na Waingereza, asirudi tena. Mara nyingi jina lake limebaki, ila mahali alipofia hapajulikani. Hata hivyo, Serikali zilizomchukua zilikuwa na madaftari.

Vita Vilivyopita Ufipa

Vita Kuu ya Kwanza ilianza mwaka 1914. Boma la Wajerumani katika eneo hili lilikuwa Bismarckburg, yaani Kasanga ya leo, kando ya Ziwa Tanganyika. Majeshi ya Waingereza yaliyotoka Rhodesia ya Kaskazini yalilitwaa mwezi Juni 1916. Vita viliishia karibu na hapa pia: tarehe 25 Novemba 1918 Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck alisalimisha jeshi lake Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia. Pamoja naye walikuwamo askari Waafrika wapatao 1,150 na wapagazi zaidi ya 1,500. Askari hao walipitishwa Kasanga, wakapanda meli hadi Kigoma, na kutoka huko wakasafirishwa kwa reli hadi Tabora.

Pande zote mbili zilitegemea mabega ya watu. Wanahistoria hukadiria kuwa watu wapatao milioni moja walibeba mizigo kwa ajili ya majeshi ya Uingereza katika Afrika Mashariki, na kwamba wapagazi waliofariki hawakupungua 95,000. Wengi wao waliuawa na kuhara, malaria na njaa. Waliokufa kwa risasi walikuwa wachache. Jina la Kariakoo jijini Dar es Salaam ni kumbukumbu ya kikosi hicho cha wapagazi.

Jinsi Madai Yalivyozaa Nyaraka

Mpagazi wa jeshi la Uingereza aliandikishwa, akapewa namba na kibati cha kuvaa. Alipofariki, ujira wake uliosalia ukawa deni. Ili deni lilipwe, ilibidi kujulikana marehemu alikuwa mtoto wa nani, alitoka kijiji gani, chini ya mtawala yupi, na ni nani mrithi wake. Kwa sababu hiyo karatasi ya madai humfaa mtafiti wa ukoo kuliko taarifa ya mapigano: taarifa ya mapigano hutaja idadi ya watu, lakini dai humtaja mtu.

Kwa masikitiko, fedha nyingi hazikuwafikia wenyewe. Majina yaliandikwa vibaya, jamaa hawakupatikana, na baada ya vita maofisa wa Nairobi, Dar es Salaam na London walibishana kwa miaka mingi juu ya ujira usiodaiwa. Wajane na yatima wengi walikufa bila kupata kitu. Barua za mabishano hayo, hata hivyo, zimehifadhiwa.

Upande wa Wajerumani nao ulikuwa na deni. Mwaka 1964, mwaka aliofariki Lettow-Vorbeck, Bunge la Ujerumani Magharibi liliidhinisha malipo kwa askari wa zamani waliokuwa hai. Husimuliwa kwamba wazee wapatao 350 walikusanyika Mwanza, lakini wachache tu walikuwa na vyeti walivyopewa mwaka 1918. Wengine walileta vipande vya sare zao. Mlipaji akawapa ufagio mmoja baada ya mwingine, akawaamuru kwa Kijerumani wafanye gwaride la bunduki, na hakuna aliyeshindwa. Wale waliokwisha kufa hawakuwa na nafasi ya kushika ufagio huo.

Mahali pa Kutafuta

Mtu wa kwanza kuulizwa ni mzee wa ukoo. Majina ya babu, baba yake, kijiji na mtawala wa wakati huo, awe wa Nkansi au Lyangalile, yaandikwe kabla ya safari yoyote. Baada ya hapo mtafiti aende Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, penye majalada ya utawala wa Wajerumani na wa Waingereza. Mipaka imebadilika mara nyingi, na Mkoa wa Rukwa wenyewe uliundwa mwaka 1974. Hivyo habari za Ufipa zitafutwe pia chini ya majina ya Bismarckburg, Kasanga, Jimbo la Magharibi na Mbeya. Barua zilizopelekwa London zimo katika Nyaraka za Taifa za Uingereza, Kew, hasa katika mfululizo wa CO 691 unaohusu Tanganyika.

Mtafiti asishangae kukuta jina la Kifipa limeharibiwa na karani mgeni, herufi L imekuwa R, au mtu ameitwa kwa jina la kabila lisilo lake. Vitabu vya ubatizo, kipaimara na ndoa vya makanisa husaidia kusahihisha makosa hayo. Familia zenye asili ya Unyakyusa zikumbuke kwamba baada ya wamisionari Wajerumani kuondolewa wakati wa vita, vituo vya Misioni ya Berlin viliangaliwa kwa muda na Waskoti, hadi Wajerumani waliporuhusiwa kurudi mwaka 1925. Vitabu vya kipindi hicho vinaweza kuwa vimeandikwa kwa mikono na lugha tofauti.

Asishangae pia kukuta jambo linaloumiza. Huenda babu aliyesifiwa kuwa askari ndiye aliyetumwa kunyang'anya chakula vijijini. Historia ya ukoo isiyokubali hilo huwa sifa tupu.

Faida Yake Leo

Karatasi hizi hazitafutwi kwa tamaa ya fedha. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kuwa watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika na Mashariki ya Kati, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Mwezi Januari 2025 ukumbusho ulizinduliwa Cape Town wenye majina zaidi ya 1,700 ya watumishi weusi wa vita kutoka Afrika Kusini. Majina hayo yalipatikana kwa sababu daftari lilitunzwa na mtu akalifungua. Watu wa Ufipa nao wanangoja kutajwa, na wazee wanaoweza kuwatambua wanazidi kupungua kila mwaka.