Mtafutaji na Mkaaji: Funzo la Maskati

Mkristo anayeishi Azaiba, mtaa wa pwani karibu na uwanja wa ndege wa Maskati, hana safari ndefu kwenda ibadani. Huvuka barabara kuu akafika Ghala, ambako Wakatoliki, Waprotestanti na Waorthodoksi wanasali kwa ujirani. Kwa mhamiaji aliyetoka Afrika Mashariki, ujirani huo ni neema na pia mtihani: ni rahisi kuhama kila Ijumaa, leo huku na kesho kule, kwa kutafuta mahubiri yenye moto zaidi. Je, moyo unaotafuta bila kutulia unaweza kupenda? Historia ya Maskati yenyewe ina la kujibu.

Mnamo Februari 1891, Thomas Valpy French alishuka Maskati. Alikuwa askofu wa kwanza wa Kianglikana wa Lahore, na alikwisha kujiuzulu kiti hicho mwaka 1887. Akiwa na umri wa miaka 66, angeweza kustaafu Uingereza kwa heshima; badala yake alitafuta bara jipya, lugha mpya na wasikilizaji wapya. Joto halikumpa muda. Alifariki tarehe 14 Mei mwaka huohuo, akazikwa katika ghuba ndogo kando ya mji.

Wahenga walisema mtembezi hula miguu yake. Lakini hatuwezi kumhukumu French kwa methali hiyo peke yake, kwani mfano wake uliwagusa waliomfuata. Peter Zwemer, kijana wa Misheni ya Arabia kutoka Marekani, alifika Maskati mwaka 1893. Naye alitamani kwenda mbali, kwenye milima na miji ya bara la Omani. Ndipo mwaka 1896 likamfikia jambo ambalo hakulitafuta: wavulana 18 wa Kiafrika waliookolewa kutoka katika biashara ya watumwa, wakahitaji mlezi. Akawafungulia shule nyumbani mwake.

Hapa ndipo, kwa maoni yangu, tofauti inapodhihirika. Safari ya milimani aliichagua mwenyewe. Watoto waliletwa mlangoni. Kuwalea kulidai chakula cha kila siku, nguo, masomo, na usiku wa kukesha kando ya mgonjwa: kazi isiyo na ramani wala sifa ya mvumbuzi. Zwemer alifariki mwaka 1898, akiwa na miaka 30. George Stone aliyepokea kazi yake alifariki mwaka uliofuata. Majina ya wamisionari hao yamo vitabuni. Majina ya wale wavulana, walioletwa kutoka upande wetu wa bahari, karibu yote yametutoka. Historia hukumbuka zaidi aliyetafuta kuliko aliyetunzwa.

Sura nyingine ya uaminifu ilionekana Matrah. Daktari Sharon Thoms alifariki huko mwaka 1913 baada ya kuanguka alipokuwa akitengeneza waya wa simu. Mwaka 1939 mwanawe, Daktari Wells Thoms, alikuja kufanya kazi palepale babaye alipofia, na akakaa hadi 1970. Kwa zaidi ya miaka 30 aliwatibu Waislamu waliobaki Waislamu. Kama upendo wake ungepimwa kwa idadi ya waliobatizwa, angeonekana ameshindwa. Lakini mgonjwa aliyerudi kwake na mjukuu wake alikuwa na kipimo kingine.

Leo Kanisa la Kiprotestanti la Omani linaunganisha urithi wa Waanglikana, alikotoka French, na wa Kanisa la Reformed, walikotoka akina Zwemer na Thoms. Mtafutaji na mkaaji wamekutana chini ya paa moja. Sioni haja ya kumfukuza mmoja wao. Kutafuta ndiko kulikowafikisha watu hawa pwani ya Omani. Ila baada ya kufika, swali lililowapima halikuwa wamekwenda umbali gani, bali ni nani aliyewakuta wapo alipobisha hodi. Mwenzetu wa Azaiba, anapovuka barabara Ijumaa, anabeba swali lilelile.