Tabora: Rapa Aliyetembea Mbele ya Pembe za Ndovu

Wadau, bifu za nani mkali wa mistari zimekuwa nyingi, leo tuziache kidogo turudi nyuma miaka zaidi ya 150. Kulikuwa na mtu Tabora ana kila kitu tunachokipenda kwa msanii: pamba kali, sauti, maneno ya papo kwa papo na kundi zima la kumwitikia. Shoo yake ilianza Unyanyembe na kuishia Bagamoyo, karibu kilomita 800, kwa miguu. Watu walimwita kirangozi.

Kwanza tuwekane sawa. Sisemi rap ilizaliwa Tabora. Rap ina kwao, ni Bronx, New York, miaka ya 1970. Soul nayo ina kwao, makanisani na kwenye blues za Wamarekani weusi. Ninachosema ni kwamba kazi yenyewe, ya mtu mmoja kusimama mbele na kuwapa wengine nguvu kwa mdomo wake, huku kwetu ilikuwa ajira kabisa. Na ilikuwa na malipo, japo siyo ya noti. Wapagazi walilipwa kwa vitambaa na shanga, na kirangozi alikula fungu kubwa kuliko wenzake.

Huyu jamaa alikuwa nani?

Karne ya 19, Tabora ilikuwa njia panda. Misafara ya pembe za ndovu ilitoka Ujiji, Ziwa Tanganyika, na mingine ilishuka kutoka kaskazini, kwenye Ziwa Victoria, ikakutana hapo kabla ya kuelekea pwani. Waliobeba mzigo mkubwa wa biashara hiyo walikuwa Wanyamwezi. Mzigo wa kawaida ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo 32 hivi. Hebu chukua mfuko wa saruji, upunguze kidogo, uweke begani, kisha utembee nao miezi miwili au mitatu.

Kijana wa Kinyamwezi ambaye hajawahi kwenda pwani alionekana bado mtoto. Watoto nao walipewa vipembe vidogo wabebe, wazoee. Tusidanganyane lakini: kwenye njia hiyohiyo walipita pia watu waliofungwa minyororo, wakipelekwa kuuzwa. Ukizungumzia nyimbo za barabara ile bila kuwataja hao, umesimulia nusu.

Sasa kwenye msafara, kirangozi ndiye aliyetangulia. Mwingereza Richard Burton, aliyefika Tabora (wakati huo akiita Kazeh) tarehe 7 Novemba 1857 baada ya safari ya zaidi ya miezi minne kutoka pwani, alimwelezea vizuri kwenye kitabu chake cha 1860. Kirangozi alivaa joho jekundu, kichwani manyoya au ngozi ya mbega, mkononi bendera nyekundu ya misafara ya Unguja. Nyuma yake alifuata mtu wa ngoma. Waliobeba pembe kubwa walifunga kengele ya ng'ombe kwenye ncha, kila hatua inalia. Hiyo ni biti, wadau. Hakuna kompyuta, ila biti ipo.

Na heshima yake haikuwa ya mchezo. Hakuna aliyeruhusiwa kumtangulia njiani. Ukimpita, unachomolewa mshale kwenye podo lako uwe ushahidi, mkifika kambini unalipa faini.

Mistari, misimu na battle

Burton anasema njiani ilikuwa kelele tupu: kuimba, kupiga miluzi, kupiga ngoma, kuiga milio ya ndege na wanyama. Halafu anaongeza kitu ambacho mimi nimekipenda sana: walikuwa na maneno wasiyoyatumia popote isipokuwa safarini. Yaani barabara ilikuwa na lugha yake, kama leo kijiwe kinavyokuwa na lugha yake na bodaboda wanavyokuwa na yao. Ukiwa mgeni unabaki kutoa macho.

Battle nazo zilikuwepo. Misafara miwili ikikutana kwenye njia nyembamba, lazima mmoja upishe. Basi makirangozi wawili wanajisogeza kwa madaha, wanaangaliana kwa jicho la pembeni, wanarukaruka, halafu ghafla wanainama na kugongana vichwa kama kondoo dume. Nyuma yao wapagazi wote nao wanavamiana. Ungedhani vita, lakini kama hakuna kinyongo cha zamani inaisha kwa vicheko. Upande dhaifu unapisha njia na kutoa kizawadi.

Diss track je? Ipo. Burton mwenyewe anasimulia kwamba wapagazi walimtungia wimbo wa kumwita mzungu mbaya. Hakununa. Alielewa kwamba wangemwita mzuri ingekuwa na maana nyingine: kwamba ni mjinga, achunwe mpaka mfupa. Hapo ndipo utajua nyimbo zile hazikuwa za kupitisha muda tu. Mtu aliyebeba kilo 32 za mali ya mwingine hakuwa na gazeti wala chama. Alikuwa na mambo mawili: kutua mzigo na kugoma, au kuimba mbele ya bosi maneno ambayo akiyasema kavukavu yatamponza. Mengi tunayoyasifia leo kwa wanaharakati wa hip hop, hawa walishayafanya vumbini.

Tatizo ni jina

Wimbo wa mzungu mbaya umeingia kwenye historia. Walioutunga wameingia kama "wapagazi", basi. Wachache walioandikwa kwa majina ni wale waliokuwa karibu sana na wazungu. Sidi Mubarak Bombay tunamjua. Susi na Chuma tunawajua, waliokuwa kwenye kundi lililobeba mwili wa Livingstone, wakapita Unyanyembe mwaka 1873 na kufika Bagamoyo mwaka uliofuata. Lakini maelfu ya walioimba mbele ya misafara, wakaokoa watu wasikate tamaa katikati ya pori, hawana hata mstari mmoja.

Halafu kazi yenyewe ikafa. Wajerumani walianza kujenga Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905. Treni ikaingia Tabora 1912, Kigoma 1914. Behewa halihitaji kirangozi.

Kipaji hakikufa na kazi. Kwa Wanyamwezi na Wasukuma, manju, yaani mtunzi na kiongozi wa ngoma, aliendelea kutawala. Usukumani kuna makundi mawili ya ngoma, Bagika na Bagalu, yanayoshindana mpaka leo: kila upande unacheza kwa wakati mmoja, na aliyevuta watu wengi ndiye mshindi. Pigia hesabu, hiyo ni views za kabla ya YouTube. Tabora mjini zikaja bendi: Kiko Kids ya Salum Zahoro, Tabora Jazz, na Nyanyembe Jazz iliyobeba jina la himaya ya kale ya Unyanyembe. Na akaja Mwinamila na kundi lake la Hiari ya Moyo, manju wa Kinyamwezi aliyesikika nchi nzima kupitia Radio Tanzania. Bibi na babu zetu wakisikia jina hilo wanatabasamu hadi leo.

Angalia tofauti iliyopo kati ya Mwinamila na yule kirangozi wa joho jekundu. Kipaji huenda kilikuwa kilekile. Kilichobadilika ni kwamba Mwinamila alikuta redio, na mtangazaji akataja jina lake kabla ya wimbo. Ni hilo tu lililomfanya akumbukwe.

Mwisho wa njia ileile, Kigoma, mwaka 2012 wasanii wenye asili ya huko walikusanyika kama Kigoma All Stars wakatoa Leka Dutigite. Diamond yumo, Mwasiti yumo, Linex yumo. Hao majina yao hayapotei, hata wakitaka.

Lakini vipi aliyeandika kiitikio? Vipi dada aliyeitikia nyuma, akapewa nauli ya bodaboda na ahadi? Tanzania ina sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999, na COSOTA ipo. Lakini ni vigumu kwa sheria hiyo kumlinda mtu ambaye jina lake halijaandikwa popote. Wimbo ukitoka bila jina lako, baada ya miaka ishirini wewe ni "wapagazi".

Kwa hiyo kama uko studio, hata kama umechangia mstari mmoja, hakikisha jina lako limeandikwa kabla hujaondoka, na mgao mkubaliane siku hiyohiyo. Na kama una bibi au babu Tabora, Nzega, Sikonge, Urambo au Ujiji anayezikumbuka nyimbo za zamani, simu unayo. Mrekodi. Muulize wimbo ulitungwa na nani, wapi, uliimbwa wakati wa kazi gani, kisha uandike majibu pamoja na tarehe. Wazee hao ni wachache, na kila mwaka wanapungua.