Pikipiki ya Mkaguzi: Asili Yake na Jinsi Ilivyofufuliwa

Wanachama waliohudhuria maonyesho ya miaka kumi ya Muungano wetu bila shaka waliiona pikipiki ndogo ya kijani iliyosimamishwa mlangoni pa ofisi, yenye picha ya jogoo ubavuni mwa tangi. Wengi waliuliza ni ya nani. Wazee wa Pangani na Mwera hawakuuliza. Walisogea karibu wakaushika usukani. Halmashauri imetuagiza sisi tuliopewa kazi ya kuitengeneza tuandike habari zake katika kijitabu hiki, nasi twafanya hivyo kwa furaha, ingawa katika habari hizi yamo makosa yetu wenyewe ambayo tungependa yasisomwe na wengi.

Jina lake ni BSA Bantam. BSA kilikuwa kiwanda cha Birmingham, Uingereza, kilichoanzishwa mwaka 1861 kwa kazi ya kutengeneza bunduki. Na bantam ni kuku wa aina ndogo sana, ndiyo maana ya yule jogoo. Lakini asili ya mtambo wenyewe si Uingereza. Ulibuniwa Ujerumani, katika kiwanda cha DKW cha mji wa Zschopau, ukatolewa mwaka 1939 kwa jina la RT 125. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha, michoro yake ikachukuliwa na washindi kuwa fidia ya vita. Waingereza wakaigeuza kama mtu ajitazamavyo katika kioo, kulia kukawa kushoto, ili gia ikae upande wa mguu waliouzoea, wakaanza kuiuza mwaka 1948. Wamarekani na Warusi nao wakatoa za kwao. Mwaka 1955 Wajapani wa Yamaha wakatengeneza pikipiki yao ya kwanza kabisa, YA-1, kwa kufuata mfano huo huo. Basi hata zile Yamaha AG 100 walizopanda mabwana shamba wetu, ambazo zilianza kutengenezwa mwaka 1973, zatoka katika nyumba iliyojifunza kazi kwa mtambo huu. Tena ni ajabu kidogo kwamba Wajerumani, walioanza kujenga reli kutoka Tanga mwaka 1893, ikafika Muheza mwaka 1896 na Korogwe mwaka 1902, pikipiki hii ilitufikia kutoka kwao kwa mikono ya Waingereza, ambao ndio waliowatoa Tanga mwaka 1916.

Reli ile ilielekea bara, kwenye mkonge na milima ya Usambara. Pwani ya kusini haikupata reli. Mwenye shughuli Pangani alikwenda kwa jahazi au kwa barabara ya vumbi kupitia Kigombe, na mwenye shughuli Mwera au Mkwaja alivuka kwanza mto kwa kivuko mpaka Bweni, kisha akaendelea kwa miguu au kwa baiskeli. Nchi hiyo ndiyo ya nazi na korosho. Sheria ya vyama vya ushirika ilikuwapo tangu mwaka 1932, na baada ya Uhuru wa mwaka 1961 vyama viliongezeka kwa haraka sana, kuliko idadi ya watu wenye ujuzi wa kuvisimamia. Kwa hiyo chama kikuu cha zamani kilimnunulia mkaguzi wake pikipiki hii, yenye injini ya sentimeta za ujazo 123 na gia tatu, ambayo huweza kupandishwa kivukoni na watu wawili bila shida.

Mkaguzi huyo hakubeba karatasi tu. Nyuma ya kiti palifungwa mfuko wa turubai, na ndani yake mawe ya mizani yaliyopimwa na kupigwa muhuri. Wazee walitusimulia kwamba alifika bila kutoa habari, hata siku ya kununua mazao, akasimamisha safu ya wakulima, akaweka mawe yake juu ya mizani ya chama mbele ya watu wote. Mizani ikisema kweli, alitia sahihi na kuondoka. Ikisema uongo, ununuzi ulisimama. Mzee mmoja wa Mwera alituambia kwamba mama yake alikuwa akisikia mlio wa Jogoo ng'ambo ya minazi ndipo hutoa gunia lake nje. Habari hiyo moja imetufundisha zaidi juu ya ushirika wa siku zile kuliko daftari zote tulizozisoma.

Mwaka 1976 vyama vikuu vyote nchini vilivunjwa, na kazi zao zikagawiwa mamlaka za mazao na vijiji. Sheria ya mwaka 1982 ilivirudisha, lakini mali nyingi zilikuwa zimekwisha tawanyika. Pikipiki ya mkaguzi haikutawanyika, maana hakuna aliyeitaka. Iliegemezwa ukutani katika ghala la mbata mjini Pangani, hatua chache kutoka baharini, ikafunikwa magunia. Ndipo tulipoikuta, na mfuko wake, na mawe mawili kati ya manne.

Katika Mkutano Mkuu mjumbe mmoja alisimama akauliza kwa nini fedha za korosho zinunue mipira ya pikipiki isiyoweza kubeba hata magunia mawili. Swali lake lilikuwa la haki, nasi hatukuwa na jibu zuri siku ile. Tulipewa fedha kidogo, kwa sharti kwamba ikiwa haikuunguruma kabla ya maonyesho, iuzwe chuma chakavu.

Mwili wake haukutusumbua sana. Chuma kilicholiwa na kutu kilipigwa msasa, kikapakwa rangi, tangi lilisafishwa kwa kokoto na mnyororo, nyaya zikabadilishwa. Shida ilikuwa katika kabureta, au tuseme tulidhani ilikuwa katika kabureta.

Kwa faida ya wasiojua, kabureta ni chombo kinachochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia katika injini. Gramu 1 ya petroli huhitaji hewa kadiri ya gramu 15 ili iungue vema. Fundi Mjerumani Wilhelm Maybach ndiye aliyeonyesha, mwaka 1893, jinsi petroli inavyoweza kunyunyizwa kwa tundu jembamba, huku boya likilinda kiasi chake kama boya la tangi la maji. Injini ikivuta pumzi, hewa hupita kwa kasi kooni mwa kabureta na kuifyonza petroli katika tundu hilo, yaani jeti. Dereva akizungusha mkono wa mafuta, slaidi hupanda pamoja na sindano yake, na njia ya hewa na ya petroli hupanuka kwa pamoja. Kabureta yetu ni ya Amal, kampuni ya Birmingham iliyoundwa mwaka 1927 kwa kuunganishwa kwa watengenezaji watatu.

Hewa ya chumvi ilikuwa imeifanya ichanue unga mweupe kama mwamba wa chokaa, na ndani petroli ya zamani ilikuwa imeganda kama gundi. Fundi wetu aliilowesha katika maji ya ndimu kwa dakika chache tu, maana asidi ya ndimu huondoa uchafu, lakini ikiachwa huila zinki yenyewe. Jeti tulilipuliza kwa pampu ya baiskeli. Hapo tukagundua kwamba mtu fulani zamani alilizibua kwa waya wa chuma akalipanua tundu. Twawaomba vijana wa gereji wasifanye hivyo kamwe. Unywele wa brashi watosha. Tulitafuta jeti jingine, tukachanganya petroli sehemu 20 kwa oili sehemu 1, tukapiga kiki. Jogoo akawika kwa teke la nne.

Furaha yetu ilidumu dakika sita. Injini ilipopata moto ilianza kukimbia yenyewe bila kuguswa mkono, kisha ikazimika, na haikukubali kuwaka tena mpaka ipoe. Tulifungua kabureta. Tulishusha klipu ya sindano ili petroli iongezeke; hali ikatulia kidogo, kisha ikarudi. Tulipima boya, tukaliona zima. Tulikaza kola inayoshika kabureta kwenye shingo ya injini, maana ilikuwa imelegea na ilipitisha hewa. Tukapata nafuu ya siku moja. Kila mara plagi ilitoka nyeupe kama mfupa, dalili ya hewa nyingi kuliko petroli, hali mchanganyiko ulio sawa huiacha na rangi ya kahawia. Kwa wiki tatu kabureta ile ilifunguliwa na kufungwa mara kumi na moja.

Mwanachama wetu kijana, mwendesha bodaboda, alikuwa ametuambia tangu wiki ya kwanza tujaribu kabureta ya pikipiki yake ya Kichina. Tulikataa. Tulisema mambo mengi juu ya kuhifadhi asili. Ukweli ni kwamba tuliona haya kufundishwa na mtoto. Wiki ya nne tulikubali. Kabureta yake, ambayo kwake ilifanya kazi bila lawama, ilifungwa kwa kipande cha mpira, injini ikawaka, na baada ya dakika sita ikakimbia na kuzimika vile vile.

Basi kabureta yetu haikuwa na hatia. Kijana alisema hewa yaingia penginepo, nasi safari hii tulinyamaza tukasikiliza. Injini ya mipigo miwili, tofauti na ile ya bodaboda yake, huupitisha mchanganyiko kwanza katika chumba cha chini cha mhimili. Chumba hicho kikivuja, hewa huingia bila kupita katika kabureta. Tuliziba njia ya moshi na shingo ya kabureta kwa mpira, tukashusha pistoni mpaka chini, tukajaza upepo kwa pampu kupitia tundu la plagi, tukapaka povu la sabuni kila mahali. Povu lilitulia kote isipokuwa nyuma ya sumaku ya umeme, ambako lilichemka. Sili ya mpira inayozunguka mhimili ilikuwa imekauka na kupasuka kwa miaka aliyokaa Jogoo chini ya magunia. Sili ya kipimo hicho ilipatikana katika duka la beringi mjini Tanga, na bei yake haikufikia bei ya chakula cha mchana cha watu wawili.

Siku tisa kabla ya maonyesho tuliipeleka kutoka Pangani hadi Kigombe na kurudi. Kijana ndiye aliyeendesha. Haikuzimika.

Mkaguzi wa zamani amekwisha fariki. Karani wake yu hai, na tulimleta ofisini asubuhi ya maonyesho. Hakusema neno juu ya rangi wala magurudumu. Alifungua mfuko, akayatoa mawe mawili, akatuuliza mengine mawili yako wapi, na kama mizani zetu za sasa hupimwa mbele ya wakulima. Mjumbe aliyeuliza swali Mkutanoni alikuwa amesimama karibu. Halmashauri imeagiza mawe yote mawili yapelekwe kupimwa upya na kupigwa muhuri kabla ya msimu wa korosho, na mengine mawili yanunuliwe.

Pikipiki huwashwa kila Jumamosi. Atakayeipokea kwetu akumbuke kufunga koki ya petroli injini ikiwa bado yaunguruma, aiache izimike yenyewe ili kabureta ibaki kavu, kisha aifunike kwa kitambaa, si kwa gunia, maana gunia hushika unyevu wa bahari.