Mildred Pierce: Hiana Ndani ya Nyumba Moja

Filamu yenyewe huanza kwa mlio wa bunduki. Ni usiku, katika nyumba iliyo kando ya bahari. Risasi zinatoboa kioo, mwanamume anaanguka, na kabla ya kukata roho analitamka jina moja tu: Mildred. Mtazamaji hajui bado Mildred ni nani, wala hajamwona aliyefyatua. Kwa muda wa karibu saa mbili atashawishika kuamini kwamba marehemu alimtaja muuaji wake.

Filamu hii, Mildred Pierce, ilitolewa na kampuni ya Warner Bros. mwaka 1945. Mwongozaji wake alikuwa Michael Curtiz, mzaliwa wa Budapest, aliyefika Hollywood mwaka 1926 baada ya kufanya kazi kwa miaka mingi huko Ulaya. Hadithi ilitokana na riwaya ya James M. Cain iliyochapishwa mwaka 1941. Yatupasa tuanze na riwaya hiyo, kwa sababu ya jambo moja ambalo wengi walioiona filamu hawalijui: katika kitabu cha Cain hakuna mauaji. Hakuna maiti wala askari. Kuna mama wa mji mdogo wa Glendale, karibu na Los Angeles, katika miaka ya mdororo mkuu wa uchumi. Kuna binti anayemdharau. Na kuna fedha. Mwishoni binti huondoka zake na baba wa kambo, asipatwe na adhabu yoyote.

Hadithi kama hiyo isingeweza kupita Hollywood wakati ule. Tangu mwaka 1934 kanuni za maadili za sinema zilikuwa zikisimamiwa kwa ukali na ofisi ya Joseph Breen, na moja ya nguzo zake ni kwamba mwovu asiachwe aondoke salama. Basi mtayarishaji Jerry Wald akaleta mauaji, akaipindua hadithi ianzie mwisho wake, na simulizi ya mama ikawa maelezo anayoyatoa mbele ya mkuu wa upelelezi. Filamu ya Double Indemnity ya mwaka 1944, nayo iliyotokana na kitabu cha Cain, ilipendwa pia. Lakini tazama kinaya chake: kanuni iliyowekwa ili kuilinda heshima ya familia ndiyo iliyoingiza bunduki katika nyumba ya familia hii.

Mwaka 1946 mhakiki Nino Frank, akiandika mjini Paris, alizipa baadhi ya filamu za Kimarekani za miaka ile jina la filamu nyeusi, na jina likashika. Wafaransa walikuwa wamezikosa wakati wa vita, kisha wakazipata kwa pamoja, ndiyo maana waliuona weusi wake upesi kuliko Wamarekani wenyewe. Mildred Pierce haikuwa miongoni mwa zile alizozitaja Frank, lakini ni ya ukoo huo huo. Mpiga picha Ernest Haller, aliyekuwa pia amepiga Gone with the Wind, ameugawa mwanga wake kwa akili. Jikoni mwa Glendale, wakati Mildred ni maskini, jua linaingia dirishani. Kadiri anavyotajirika ndivyo vivuli vinavyozidi kutambaa kutani.

Kisa chenyewe nitakifupisha. Bert, mumewe Mildred, hana kazi, na anakwenda zake kwa mwanamke mwingine. Mildred anaoka keki kwa ajili ya kuuza, kisha anakuwa mtumishi wa mezani katika hoteli ya chakula, kisha anafungua hoteli yake mwenyewe, na baadaye nyingine kadhaa. Binti mdogo, Kay, anakufa kwa nimonia. Anabaki Veda, na kila senti ni ya Veda: piano, nguo, gari. Veda naye anachukia harufu ya jikoni iliyomlea. Anasingizia mimba ili achote dola 10,000 kutoka kwa familia ya kijana tajiri. Mama anapoichana hundi, binti anamzaba kofi.

Niliitazama filamu hii pamoja na walimu wenzangu. Kofi lile lilipolia, chumba kizima kilinyamaza; kisha mwalimu mmoja, mtu mzima tunayemheshimu sote, akasema polepole: "Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo." Tukaitikia kwa vichwa. Makala haya yametokana na kule kuitikia kwetu, ambako mimi nilikujutia usiku ule ule.

Kwa maana sisi ni walimu wa lugha, na tunajua kutazama viambishi. Kiambishi u- katika umleavyo ni cha nafsi ya pili, umoja. Methali haikusema mmleavyo. Sidai kwamba wahenga walikusudia kumtwisha mtu mmoja mzigo huo, kwani umoja wa methali humsemesha kila mtu. Lakini sisi tulipoitumia pale tulikuwa na mtu mmoja tu mawazoni, naye ni mama. Filamu yenyewe inatusukuma tufanye hivyo. Je, Veda alilelewa na Mildred peke yake? Bert aliondoka na hakuacha hata fedha ya mkate. Monte Beragon, bwana wa ukoo uliokwisha kufilisika, ndiye aliyemfundisha binti kwamba kula jasho la mwingine ni uungwana, na kwamba mwenye jasho ndiye wa kuonewa haya. Fedha aliyokuwa akiitumia Monte ilikuwa ya Mildred, na dharau yake ilikuwa kwa Mildred.

Ukiwahesabu wenye hiana katika nyumba hii, Veda ni mmoja tu. Monte anakubali kumwoa Mildred kwa bei ya theluthi moja ya biashara, na Mildred analipa kwa kuwa anataka nyumba ya fahari itakayomrudisha binti yake. Kisha Monte na Wally Fay, yule aliyekuwa rafiki na mshauri wa biashara, wanaiuza ile kazi ya miaka chini ya miguu yake. Anapokwenda kumkabili mumewe katika nyumba ya pwani, anamkuta amemkumbatia Veda. Kikulacho ki nguoni mwako: hii ndiyo methali iliyofaa kusemwa chumbani mle, nasi hatukuikumbuka.

Hata hivyo nisimfanye Mildred malaika. Usiku wa mauaji anamvuta Wally hadi kwenye nyumba ile, anamfungia ndani pamoja na maiti, ili askari wamkute. Wala hapingi vya kutosha Bert anapojitwika lawama. Upendo wake kwa mtoto mmoja umemla hata haki yake kwa wengine, na ni hapa, kwa maoni yangu, filamu inapofikia ukweli mkubwa zaidi kuliko ule wa nani alifyatua.

Kuna mtu mwingine ambaye sikumwona vizuri mara ya kwanza. Ni Lottie, mtumishi wa nyumbani, aliyeigizwa na Butterfly McQueen. Anasema maneno katika maonyesho kadhaa, lakini jina lake halimo katika orodha ya waigizaji inayoonyeshwa na filamu. Veda anapoigundua sare ya utumishi ambayo mama yake ameificha, anampa Lottie aivae, ili mama aone haya ya kufanana na mjakazi wake. Haya hiyo inasimuliwa yote kwa upande wa mama. Mwanamke Mweusi aliyesimama ndani ya sare hiyo hakuna anayemwuliza lolote, na sauti yake imewekwa ili watu wacheke. McQueen alichoshwa na nafasi za aina hiyo, akaiacha sinema kabla ya miaka ya 1940 kwisha. Mwaka 1975, akiwa na umri wa miaka 64, alipata shahada ya sayansi ya siasa katika City College ya New York.

Wakati wa kutolewa kwa filamu nao unasema jambo. Ilionyeshwa New York mwishoni mwa Septemba 1945, wiki chache tu baada ya Japani kutia sahihi ya kusalimu amri. Mamilioni ya wanawake wa Marekani walikuwa wameshika kazi za viwandani, na wanaume walikuwa njiani kurudi kuzidai. Upigaji picha ulianza Desemba 1944, vita vikingali vikali, kwa hiyo sisemi kwamba Warner Bros. walikaa wakapanga kuwaamuru wanawake warudi jikoni. Lakini mwanamke aliyeketi katika ukumbi wa sinema majira yale aliona mwenzake akifanikiwa kazini na kupoteza mtoto mmoja kwa kifo na mwingine kwa gereza.

Joan Crawford, aliyeigiza Mildred, alikuwa ameiacha kampuni ya MGM mwaka 1943 baada ya miaka 18, wengi wakidhani nyota yake imezama. Curtiz hakumtaka, akamfanyia majaribio kwanza. Machi 1946 alishinda tuzo ya Oscar, akaipokea akiwa kitandani nyumbani kwake, kwa kuwa alisema ni mgonjwa. Mwaka 1978, baada ya kifo chake, binti yake wa kulea alichapisha kitabu cha kumshutumu kwa ukatili. Watu hupenda kuziunganisha hadithi hizo mbili. Mimi naona haifai, mmoja ni mhusika na mwingine alikuwa mtu.

Mwishoni askari wanamchukua Veda, na Mildred anatoka kituoni alfajiri pamoja na Bert. Wanapita karibu na wanawake wawili waliopiga magoti wakisugua sakafu. Wapo wanaosema kwamba picha hiyo humwonyesha Mildred mahali pake panapomstahili. Mimi kila nikiitazama nawaona wanawake hao wawili wakiendelea kusugua, bila kuinua macho, huku kesi ya watu wakubwa ikiwapita.