Uchaguzi wa Mwanasheria Mkuu wa Virginia: Mwaka 2005 na Mwaka 2013

Katika nchi za Afrika Mashariki jina la Mwanasheria Mkuu ni jina la mtu aliyeteuliwa. Katika Tanzania huteuliwa na Rais. Katika Kenya hupendekezwa na Rais, kisha huthibitishwa na Bunge la Taifa. Wananchi hawampigii kura. Basi msomaji wa Kiswahili akutanapo na habari za uchaguzi wa Mwanasheria Mkuu hana budi kuiweka kando kwa muda maana aliyoizoea. Katika Marekani, Mwanasheria Mkuu wa serikali ya taifa zima huteuliwa na Rais na kuthibitishwa na Seneti. Walakini kila jimbo lina Mwanasheria Mkuu wake, na katika majimbo 43 kati ya 50 huchaguliwa na wananchi wenyewe. Yeye ndiye alisimamiaye jimbo mahakamani, ndiye atoaye maoni ya kisheria kwa gavana na kwa Bunge la jimbo. Maadamu cheo chake kimetoka kwa wapiga kura, hawajibiki kwa gavana, na aweza kuwa wa chama kingine.

Jimbo la Virginia hufanya uchaguzi huu kila baada ya miaka minne, katika mwaka unaofuata ule wa kumchagua Rais wa nchi. Katika muda wa miaka minane, yaani mwaka 2005 na mwaka 2013, wagombea wa cheo hicho walikaribiana kwa kura hata ikabidi kura zihesabiwe upya. Yafaa chaguzi hizo mbili ziangaliwe pamoja, kwani zaonyesha jambo ambalo ushindi mkubwa hulificha: idadi ya kura hutokana na kazi ya mikono na macho ya watu, na sheria inayoiongoza kazi hiyo yaweza kuigeuza idadi yenyewe.

Tarehe 8 Novemba 2005 walishindana Robert McDonnell wa chama cha Republican, mjumbe wa Bunge kutoka Virginia Beach, na Creigh Deeds wa chama cha Democratic, seneta wa jimbo kutoka wilaya ya Bath. Kura zilizopigwa zilipita 1,940,000. Matokeo yalipothibitishwa, McDonnell alikuwa mbele kwa kura 323 tu. Sheria ya Virginia ilimruhusu aliyeshindwa kuomba hesabu irudiwe iwapo tofauti haikuzidi asilimia moja ya kura, na tofauti ikiwa haikuzidi nusu ya asilimia, gharama zililipwa na umma. Kazi hiyo iliwekwa chini ya mahakama maalumu ya majaji watatu.

Lakini neno "kuhesabu upya" lilikuwa na maana nyembamba katika sheria ya wakati ule. Mahali palipotumika mashine, kilichosomwa mara ya pili kilikuwa ukanda wa karatasi ambao mashine ilikuwa imeandika juu yake majumla yake. Karatasi za kura zenyewe, isipokuwa mahali pachache, hazikupitishwa tena mashineni. Kwa hiyo zoezi lile lilichunguza kama watu walikuwa wameyanakili sawasawa yale yaliyosemwa na mashine. Halikuchunguza kama mashine zilikuwa zimesema kweli. Katika mwezi wa Desemba tofauti iliongezeka kidogo, ikafika kura 360: McDonnell 970,981 na Deeds 970,621. Deeds alikiri kushindwa. Miaka minne baadaye watu hao wawili walikutana tena katika kugombea ugavana, na mara hiyo McDonnell alishinda kwa kura nyingi.

Baadaye sheria ilirekebishwa. Ikawekwa kwamba katika hesabu ya pili karatasi za kura zipitishwe upya mashineni, na kwamba mashine itenge kila karatasi iliyoonekana kutopigwa kura ya cheo kile, au kupigwa zaidi ya mara moja, ili ikaguliwe kwa macho. Maana wako wapiga kura ambao badala ya kujaza duara kwa wino hulitia alama ya vema, au hulizungushia mstari jina la wamtakaye. Mashine haiwezi kuisoma alama ya namna hiyo, lakini binadamu huielewa mara moja.

Marekebisho hayo yalipata mtihani wake mwaka 2013. Uchaguzi ulifanyika tarehe 5 Novemba. Wagombea walikuwa Mark Obenshain wa Republican, kutoka Harrisonburg, na Mark Herring wa Democratic, kutoka wilaya ya Loudoun. Wote wawili walikuwa mawakili, na wote wawili walikuwa maseneta wa jimbo. Cheo kilikuwa mikononi mwa Ken Cuccinelli wa Republican, ambaye siku hiyo hiyo aligombea ugavana akashindwa na Terry McAuliffe wa Democratic.

Usiku wa uchaguzi Obenshain alikuwa mbele. Katika siku zilizofuata, maofisa wa wilaya walipokuwa wakilinganisha hesabu zao, ilionekana kwamba katika Fairfax, wilaya yenye watu wengi kuliko zote katika Virginia, sehemu moja ilikuwa na kura chache mno za watu wasioweza kufika vituoni zikilinganishwa na idadi ya karatasi zilizoombwa. Uchunguzi ulifichua zaidi ya kura 3,000 ambazo hazikuwa zimeingizwa katika jumla. Mjini Richmond nako zilipatikana kura za mashine moja zilizokuwa zimeachwa. Uongozi ukahama kutoka kwa Obenshain kwenda kwa Herring. Hapana aliyekuwa ameziiba kura zile. Zilikuwapo muda wote katika maghala ya serikali, ila hakuna mkono uliokuwa umezihamisha kutoka karatasi moja hadi nyingine. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Katika Fairfax kibaba kilikuwa kimejaa, lakini aliyepima alikuwa amekisahau.

Tarehe 25 Novemba matokeo yalithibitishwa: Herring kura 1,103,777, Obenshain kura 1,103,612. Tofauti ilikuwa kura 165, yaani kura moja katika kila kura 13,000 na zaidi. Obenshain aliomba hesabu ya pili, kama ilivyokuwa haki yake. Kazi ilifanyika katikati ya Desemba chini ya majaji watatu, na mawakala wa pande zote mbili walisimama mezani wakitazama. Safari hii karatasi zilipitishwa tena mashineni, na zile zilizotengwa zilisomwa kwa macho. Tofauti haikubaki karibu na pale ilipokuwa kama ilivyotokea mwaka 2005. Ilipanda kutoka kura 165 hadi kura 907, zote kwa faida ya Herring. Hata hivyo, wilaya nyingi zilikuwa bado zikitumia mashine za kugusa kioo, zisizo na karatasi, na huko hapakuwa na kitu cha kuhesabiwa zaidi ya majumla yale yale. Mashine za namna hiyo zilipigwa marufuku katika Virginia mwezi wa Septemba 2017.

Njia moja ilibaki. Katiba na sheria za Virginia zilimruhusu mgombea kuupinga uchaguzi mbele ya Bunge la jimbo, mabaraza yote mawili yakiketi pamoja. Katika kikao cha namna hiyo chama cha Obenshain kilikuwa na wingi wa wajumbe. Tarehe 18 Desemba Obenshain alitangaza kwamba amekubali kushindwa, akampongeza mwenzake. Asiyekubali kushindwa si mshindani, husema Waswahili. Na thamani ya maneno hayo huonekana zaidi pale ambapo mshindani ana mlango wa pili wa kupitia, naye akauacha.

Uzito wa kura hizo 907 ulidhihirika upesi. Herring aliapishwa tarehe 11 Januari 2014. Siku kumi na mbili baadaye, tarehe 23 Januari, alitangaza kwamba ofisi yake haitaitetea tena mahakamani ile ibara ya katiba ya Virginia iliyokataza ndoa za watu wa jinsia moja, bali itaungana na waliokuwa wakiipinga. Ibara hiyo ilikuwa imepitishwa na wapiga kura wenyewe mwaka 2006, kwa kiasi cha asilimia 57, na Herring alipokuwa seneta alikuwa ameiunga mkono. Chini ya Cuccinelli ofisi ilikuwa ikiitetea. Wapinzani wa Herring walisema kwamba Mwanasheria Mkuu ni wakili wa jimbo, na wakili hana ruhusa ya kumgeuka mteja wake. Herring alijibu kwamba kiapo chake kilikuwa pia kwa Katiba ya Marekani. Alikumbusha kwamba ofisi ile ile iliwahi kuutetea ubaguzi wa rangi katika shule, katika shauri la wilaya ya Prince Edward lililoamuliwa pamoja na lile la Brown mwaka 1954, na kwamba iliitetea sheria ya kukataza ndoa za watu wa rangi mbalimbali hadi iliposhindwa katika shauri la Loving mwaka 1967. Mwezi wa Februari 2014 jaji wa mahakama ya taifa aliibatilisha ibara hiyo. Mahakama ya rufani ilikubaliana naye mwezi wa Julai. Na tarehe 6 Oktoba Mahakama Kuu ya Marekani ilikataa kuisikiliza rufani. Ndoa hizo zikaanza kufungwa katika Virginia siku hiyo hiyo.

Mabishano kuhusu wajibu wa cheo hicho hayakwisha, na pande zote mbili zina hoja. Anayechaguliwa na watu ana haki gani ya kuiacha sheria iliyopitishwa na watu hao hao? Na mwenye kiapo kwa katiba mbili afuate ipi zinapogongana? Maswali haya hayamkabili kwa namna hiyo Mwanasheria Mkuu wa kuteuliwa, ambaye huzungumza kwa niaba ya serikali iliyomweka. Katika Virginia jibu lake lilitegemea nani ameketi katika kiti kile, na aliyeketi alipatikana kwa kura 907 kati ya kura 2,200,000 na zaidi, baadhi yake zikiwa ni alama za wino ambazo mashine ilizipita bila kuziona. Mwaka 2005 sheria isingaliruhusu zitafutwe. Mwaka 2013 iliruhusu, zikapatikana.